Kumtafutia Mama Leokadia Kipaza Sauti

Najua mnanisema, ninyi mafundi vijana. Mnasema Mama Fundi kastaafu lakini mdomo wake bado uko kazini, na hamkosei. Mikono ndiyo imechoka. Macho nayo yanataka miwani mbili, moja puani na nyingine nimeishika, ndipo nione mguu wa transista. Lakini haipiti wiki bila mmoja wenu kufika hapa kwangu Milanzi na picha kwenye simu, anataka kujua habari za vile vipaza sauti vidogo vya kubeba mwilini. "Mama, kuna mgonjwa sauti imemwishia, hasikiki hata ukimkaribia. Nimwagizie kipi?"

Basi mimi naanza kuuliza. Anaishi na nani? Anavaa sweta? Mikono inatetemeka? Akisalimiwa anaitikiaje? Kijana anaanza kuangalia saa, maana yeye alitaka nimtajie wati.

Wati ni jambo la mwisho kabisa, na nitawaeleza nilivyolijua hilo. Itabidi niseme na aibu yangu, kwa sababu sikufundishwa na mtu. Nililijua kwa kuharibu, nyumbani kwa watu, kule Msanzi, wakati tayari nina jina mjini na kichwa kimejaa mvi.

Jirani yangu Desderia, anayeuza maharage sokoni, alinijia asubuhi moja ya Julai, wakati ule baridi yetu inapomfanya mtu aoge kwa kujilazimisha.

"Shikamoo, Mama Fundi."

"Marahaba, mwanangu. Redio tena?"

"Siyo redio. Ni wazazi."

Wazazi wake walikuwa Msanzi, wakulima wa mahindi na ulezi, ndoa yao inakaribia miaka hamsini. Baba yake, Mzee Silvesta, alikuwa amepofuka kwa presha ya macho, na masikio yake yalikuwa masikio ya uzee, yanasikia lakini yanataka kusaidiwa. Mama yake, Mama Leokadia, alikuwa na ule ugonjwa wa kutetemeka, na hospitali walishasema kwamba pamoja na mikono, ugonjwa huo unapunguza na sauti. Ukikaa naye goti kwa goti ukamtazama mdomo, unampata. Ukigeuka tu, umempoteza.

"Sasa Baba anasema Mama amemnunia," Desderia akasema.

"Si mmemweleza kwamba ni ugonjwa?"

"Tumemweleza mpaka tumechoka. Anaitikia ndiyo, ndiyo. Halafu wanakuja majirani, wanakaa na Mama, anawasikia wakimjibu na kucheka. Akisogea yeye, kimya. Anasema, 'Mbona wenzangu anaongea nao? Mama yako amechoka kuongoza kipofu, anaona haya kunitamkia.' Amefunga nguo zake kwenye mfuko, Mama Fundi. Anataka nikamchukue aje akae kwangu mjini, ili Mama apumzike kumwongoza."

"Na mama yako anasemaje?"

Desderia alinitazama kana kwamba nimeuliza swali la kitoto. "Anasema sana. Nani anamsikia?"

Mimi nina udadisi ambao marehemu mume wangu aliuita maradhi. Siku nzima nilishika solda huku akili iko Msanzi. Majirani walikuwa wanamsikia Mama Leokadia kwa macho! Walisoma mdomo wake bila kujua kwamba wanausoma. Mtu mmoja tu katika kijiji kizima hakuweza kufanya hivyo, na ndiye mumewe. Jambo hilo lilinisikitisha, na kusema kweli lilinivutia pia, kwa sababu nilikuwa nimetengeneza spika miaka yote hiyo bila kujiuliza sauti inamfikiaje mtu asiyeona.

Lakini kuvutiwa siyo kufikiri. Dukani nilikuwa na kipaza sauti kidogo cha mkanda, chenye maiki ya kushika mkononi, alichoniachia muuza dawa ya panya aliponunua kipya. Nikakifuta vumbi, nikabadilisha betri, nikajaribu "moja, mbili, tatu," nikaona nimemaliza kazi. Jumamosi nikaenda na Desderia Msanzi.

Tulipofika, nilichuchumaa nikasalimia kikwetu, kwa makofi. Wengine wenu mmezaliwa mjini mmezoea "mambo" na "poa", kwa hiyo niwakumbushe. Mwanamke wa Kifipa wa kijijini hasalimii mtu wa heshima kwa mdomo peke yake. Anashuka chini, anapiga makofi polepole, viganja vimekunjwa kidogo, na maneno yanatoka pamoja na makofi. Salamu zilipokwisha, nikamvisha Mama Leokadia mashine na kumpa maiki. Jirani akaingia, akachuchumaa, akapiga makofi. Mama akafanya kile ambacho mikono yake imefanya maisha yote: akaiacha maiki ining'inie kwenye waya, akapiga makofi, na maneno yake yote ya salamu yakaishia kifuani. Mzee Silvesta, kwenye kiti chake, aliyasikia makofi ya mkewe. Akainua uso akasubiri maneno. Hayakuja.

Akaingia jirani wa pili, ikawa vilevile. Mimi nimelelewa katika salamu hizo, nimezipiga kabla sijajua kuhesabu, na bado nikampelekea mwanamke wa Kifipa maiki ya kushika mkononi. Mngekuwa mnanicheka kwa hilo peke yake ningenyamaza.

Halikuwa hilo peke yake. Mama Leokadia alipoiokota ile maiki, mkono ukatetemeka, kidole kikagusa kitufe kingine, na nyumba nzima ikajaa sauti ya mwanamume: "DAWA YA PANYA! KUNGUNI! MENDE! VIROBOTO! Panya akila hachukui raundi!" Tangazo la yule muuzaji lilikuwa bado limo. Kuku walitoka mbio. Majirani walicheka mpaka wakashikilia ukuta, na Mama Leokadia naye alicheka, mabega yakimtikisika.

Mzee hakucheka. Aliuliza kwa wasiwasi, "Desderia, nani huyo ameingia?" Kicheko cha mkewe hakikumfikia kabisa.

Nilirudi mjini na mashine yangu mapajani, nikimkumbuka mwalimu wangu, Mzee Apolinari. Huyo ndiye aliyenipokea katika ufundi wakati wateja walikuwa wakiingia dukani, wananiona nimekaa na bisibisi, wananiuliza fundi yuko wapi. Alikuwa na tabia iliyoniudhi sana ujanani. Mtu akileta redio, hafungui. Anamuuliza kwanza inakaa wapi nyumbani, nani anaiwasha, wanasikiliza wakiwa wanafanya nini. Mara moja mama mmoja alileta redio iliyonyamaza, na baada ya maswali ya robo saa Mzee Apolinari akamwambia aitoe juu ya jiko la kuni. Kufungua akakuta masizi mpaka ndani ya koni ya spika. Mimi ningebadilisha spika, na yule mama angerudi baada ya miezi miwili. Nilijua vizuri namna ya mwalimu wangu, na kule Msanzi niliiacha mlangoni.

Ndipo nikakosea tena, mara hii kwa gharama kubwa zaidi.

Nilijiambia tatizo ni maiki ya mkononi na unyonge wa spika. Nikatafuta mashine ya maana: boksi zito lenye wati nyingi, na maiki ndogo ya kubana kwenye nguo. Mikono ingekuwa huru, apige makofi atakavyo. Jumamosi iliyofuata nikambania Mama Leokadia maiki kwenye kola ya sweta. Mnajua Ufipa Julai hakuna mtu anayekaa bila sweta, na juu ya sweta kuna kitenge cha kujifunika. Kila alipopumua, sufu ikasugua maiki, kitenge kikasugua sufu. Kutoka kwenye spika kukatoka mkwaruzo wa mtu anayeburuta gunia kwenye kokoto, na ndani ya mkwaruzo huo, kwa mbali, mwanamke anaongea. Nikasogeza maiki, nikakunja kitenge, nikapunguza besi kidogo. Hatimaye maneno yakatoka.

Boksi lilikuwa zito mno kwa shingo ya mgonjwa, kwa hiyo nilikuwa nimeliweka juu ya kigoda, upande wa pili wa chumba. Mama Leokadia alikuwa amesimama kushoto kwa mumewe, karibu kiasi cha kumgusa. Akasema jina lake, "Silvesta." Likatoka kubwa na nene kwenye kigoda.

Mzee akageuka kulia. Akampa mkewe mgongo. Akanyoosha mkono kuelekea kule kwenye sauti, akainuka, akapapasa hewa mpaka vidole vikafika kwenye boksi. Akalishika pembe zake, akagusa chuma cha mbele chenye matundu.

"Hii ni redio," akasema. "Leokadia yuko wapi?"

Mama Leokadia akatembea zile hatua zake fupi, akamshika mkono. Mzee hakuuondoa mkono wake, lakini alimwambia Desderia, na alimwambia kwa upole, ndiyo maana iliniuma, "Mwanangu, msihangaike. Mama yako akitaka kuongea na mimi hahitaji mitambo. Jumapili ya wiki ijayo baada ya misa uje unichukue."

Niliona haya jamani. Niliona haya kuliko siku ile ya ujana wangu pale Namanyere, nilipoweka spika za harusi nyuma ya maiki, bwana harusi akafungua kinywa kula kiapo na kanisa zima likapigwa mluzi wa spika mpaka padri akaziba masikio. Siku ile Mzee Apolinari alizivuta spika hatua mbili mbele, akaniambia, "Spika isiitazame maiki," na mambo yakaisha. Msanzi hapakuwa na wa kunivutia spika. Nilikuwa nimemkuta mzee anashuku, nikamwacha ana hakika.

Nilikuwa na siku nane. Jumatatu nilifunga duka mapema, nikajifunga kitenge machoni, nikaketi kwenye kiti. Nikamwambia Desderia avae maiki aongee nami ya kawaida, siyo kuhesabu, aniambie habari za maharage, na kila baada ya muda ahamishe spika bila kuniambia. Mtu aliyechungulia dirishani siku ile sijui alitusimuliaje huko mbele. Lakini nilijifunza katika saa moja mambo ambayo sikuyajua kwa miaka yote. Sauti ikitoka kwenye kigoda, kwangu Desderia alikuwa kigodani, na akinigusa bega nilishtuka. Sauti ikitoka kiunoni, nilimwona kichwani mwangu mfupi, kama mtoto. Spika ilipopanda kifuani, chini kidogo ya kidevu, ghafla Desderia alikuwa Desderia, amesimama mbele yangu na urefu wake. Na besi! Sisi mafundi tunaipenda besi kwa sababu wateja wa muziki wanaipenda. Mwongezee besi mwanamke anayeongea, unamgeuza mtangazaji. Nilipoikata karibu yote, sauti ikawa nyembamba, haina fahari, lakini ilikuwa yake.

Sasa sikilizeni ugumu ulipo. Spika ikikaa kifuani, iko jirani na maiki, na spika jirani na maiki ni mluzi. Tiba yake ni kuipeleka maiki mdomoni kabisa, ile ya kuvaa kichwani, upande wa mdomo na siyo mbele yake, vidole viwili kutoka pembe ya midomo, halafu kupunguza sauti ya spika mpaka mluzi ukome. "Itabaki ndogo," Desderia akalalamika. Ndiyo, itabaki ndogo. Lakini mzee anakaa hatua mbili kutoka kwa mkewe, hahutubii mkutano. Hapo ndipo wati zilipotoka kichwani mwangu, na hazijarudi.

Mashine niliyoipata ilikuwa nyepesi, ya plastiki, ya wale wanaotembeza wageni mbugani, na wengi wenu mngeidharau. Nikaifanyia mambo madogo. Kamba yake nyembamba ingeikata shingo ya mama, nikashona mkanda mpana wa kitenge. Vitufe vyote vya muziki na kurekodi niliviziba kwa gundi, panya wasije wakarudi. Lile gurudumu la kuwashia lilikuwa dogo, laini, mkono unaotetemeka hauwezi kulikamata, nikalizungushia kipande cha tyubu ya baiskeli. Maiki nikaivika sponji, kwa ajili ya upepo wa uwanda wetu na kwa ajili ya pumzi. Nikaiacha ikiwaka kutwa nzima nione betri inafika saa ngapi, kisha nikahakikisha inachajiwa na sola ndogo waliyokuwa nayo, maana mashine inayozimika mchana ni ahadi ya uongo.

Na jambo moja ambalo halimo kwenye mashine. Mtaalamu wa mazoezi hospitalini alikuwa amemfundisha Mama Leokadia kuvuta pumzi kwanza, kisha kusema maneno machache kwa nguvu, kisha kupumzika, kwa sababu ugonjwa ule unamfanya mtu akimbize maneno. Kipaza sauti hakitengenezi maneno. Ukimpa mtu anayemung'unya, kitamung'unya kwa sauti. Kwa hiyo nilimpa Desderia mashine hiyo aipeleke hospitali, mtaalamu akaiona, akaongeza lake. Fanyeni hivyo nanyi. Na mtu akija kwenu sauti imepotea au imekwaruza wiki nyingi bila kujua sababu, msimuuzie kitu, mpelekeni kwa daktari kwanza.

Jumapili baada ya misa tulikuwa Msanzi. Mfuko wa nguo ulikuwa tayari mlangoni, na Mzee Silvesta amevaa koti lake la safari na kofia, fimbo iko kati ya magoti. Mama Leokadia alikuwa amekaa kitandani chumba cha ndani, ananitazama nikimvisha. Sikumwambia aseme moja, mbili. Nilimwambia tu, "Mama, nenda ukaseme unalotaka."

Akatembea hatua zake fupi mpaka akasimama mbele ya mumewe. Nikamwona anavuta pumzi kama alivyofundishwa. Mimi nilikuwa nimeshika kitenge changu kwa mikono miwili. Nilidhani atamwomba asiondoke.

"Silvesta," akasema. "Shati umeligeuza."

Mzee akainua uso. Uso ule ulikwenda moja kwa moja pale uso wa mkewe ulipokuwa, siyo kulia, siyo kushoto.

"Nini?"

"Shati. Umelivaa nje ndani. Na wiki iliyopita ulikwenda nalo hivyo hivyo kanisani. Nilikwambia. Nilikwambia mara tatu, ukanipita."

Mzee akapapasa shingoni kwake, akaukuta mshono uko nje. "Ulikuwa unaniambia?" akauliza.

"Kila siku," Mama Leokadia akasema. Akavuta pumzi. "Nilikwambia ulezi umekauka vizuri. Nilikwambia mbuzi wa jirani amezaa mapacha. Nilikwambia usiufunge mfuko. Ukafunga."

Mzee Silvesta akaanza kulia bila kujificha, kofia bado iko kichwani, na mimi nililia naye, sioni sababu ya kuwaficha. Akanyoosha mkono mbele, akaufikia mkanda wa kitenge, akapanda nao mpaka shavuni kwa mkewe, pale maiki ilipokaa.

"Endelea," akamwambia. "Niambie na mengine."

Mama akainama karibu yake. Lakini kabla hajasema, mzee akauliza, "Fundi bado yupo?"

"Nipo, Baba."

"Hii inapunguzwa?"

Nikadhani inamuumiza masikio. "Ndiyo, Baba. Ni kali sana?"

"Hapana, mwanangu. Ni nzuri. Ila anataka kunieleza mambo yetu, na ninyi mko hapa."

Nikapunguza mpaka ikabaki ya kufika kwenye kiti kimoja tu. Nikakusanya bisibisi zangu, nikatoka, nikavuta mlango. Desderia alikuwa uani ameshika mfuko wa nguo wa baba yake, hajui aupakie kwenye gari au aurudishe. Nikamwambia ataurudisha ndani wakishamaliza kuongea. Tukakaa kwenye benchi nje, tukala mahindi ya kuchoma, jua likahama ukuta mzima mpaka likafika kwenye miguu yetu, nao walikuwa bado hawajamaliza.